Bomba Walilolikata kwa Neno Langu

Juzi kijana mmoja wa Masasi, katoka chuo cha ufundi, kaniandikia: "Kaka shikamoo, nataka kuwa mkaguzi wa mabomba kama wewe, nianzie wapi?" Najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyohiyo, hasa tangu gesi ya huku kwetu ilipoanza kwenda Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2015. Nitamjibu, ila sharti nianze na aibu yangu.

Nilizoea chuma. Unapaka jeli, unabandika proba, kile kidude kinachotuma na kupokea sauti isiyosikika kwa sikio, sauti inaingia, inagonga ukuta wa ndani na kurudi. Mashine inahesabu muda, nawe unasoma unene. Nikajiona bingwa. Siku moja nikaitwa Mtwara Vijijini kupima bomba la maji ya kuzimia moto. Halikuwa la chuma, lilikuwa la nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, aina ya gundi inayokauka ikawa ngumu, ambalo chumvi ya pwani hailili. Juu kulikuwa na mchubuko, wakataka kujua kama ndani tabaka zimeachana.

Nikatoa proba ileile ya chuma, ya megahezi 5, yaani mitetemo milioni tano kwa sekunde. Kimya. Nikasogeza, nikaongeza jeli. Kimya. Kwa chuma, mwangwi wa nyuma, ule unaorudi kutoka ukuta wa ndani, ukipotea unaanza kushuku kuna kitu katikati. Basi nikatamka, tena kwa sauti, mbele ya injinia na vibarua: "Hapa hapafai, kateni."

Wakakata mita nzima. Ndani safi kama sahani ya mgeni.

Sitasahau kile kicheko. Waliniita Daktari wa Wazima, na yupo mtu pale stendi ananiita hivyo mpaka leo (anajijua). Miezi minne simu yangu haikuita kwa kazi.

Kosa lilikuwa langu. Nyuzi na resini hutawanya na kumeza sauti, na kadiri masafa, yaani wingi wa mitetemo kwa sekunde, yanavyokuwa juu ndivyo inavyomezwa zaidi. Megahezi 1 ingefika. Na hata ingefika, mashine ilikuwa bado imewekwa mwendo wa sauti ndani ya chuma, kama mita 5,900 kwa sekunde. Ndani ya nyuzi na resini sauti huenda karibu nusu ya hapo. Ukuta wa milimita 10 ungesomeka kama 20, na mimi ningeuandika hivyohivyo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ijue kwanza nyenzo unayoipima. Ghalani wakitaka kujua korosho ikoje, wanachukua sampuli na kuikata. Bomba la watu huwezi kulikatakata, ndiyo maana unahitaji kipande cha mfano cha nyenzo ileile. Mimi niliomba kile walichokata. Nikakitoboa vishimo upande wa ndani, kina tofauti tofauti, nikakaa nacho barazani Mikindani jioni hadi jioni, mke wangu akidhani nimerogwa, mpaka nikajua kila kishimo kinaonekanaje kwenye kioo cha mashine.

Mwezi uliopita nikaitwa tena, eneo jingine. Bomba la nyuzi vilevile, limepakwa rangi, linang'aa. Kwanza nikagonga kwa sarafu ya shilingi 200, kama anavyogonga nazi mtu anayejua nazi. Mahali pamoja pakaitika kwa sauti ya kufa. Nikaweka proba ya megahezi 1: mwangwi wa nyuma umetoweka, mwingine umechomoza katikati ya ukuta. Msimamizi akabisha, kadhia yangu anaijua. Wakakata. Tabaka zimeachana, ukucha unapita. Hakuna aliyecheka.

Vijana mnapenda vyeti na kofia ngumu za kupigia picha, kipande cha mfano hamna. Jifunzeni nyenzo. Tena jifunzeni kusema "hapa sijaona." Kiungio cha gundi kinaweza kugusana bila kushikana, sauti ikapita kama kawaida, na mashine ikakwambia kizima. Hapo usimpe mtu saini yako; mwambie wajaribu kwa shinikizo la maji.

Wewe wa Masasi, ukishuka Mtwara nipigie. Kile kipande bado ninacho, kina vishimo tisa. Nitakufichia upande wa ndani, uniambie viko wapi.