Mzazi akiridhia kwa maandishi, binti anaweza kuchukuliwa kwenda kazi za ndani?

SWALI: Mimi ni mtendaji wa kijiji mkoani Singida. Kila mwaka, watoto wakimaliza mtihani wa darasa la saba, anakuja mama mmoja kutoka Dar es Salaam kuchukua wasichana wa kazi za ndani. Kwao ni kijiji cha jirani, na wazazi wengine humfuata wenyewe. Wawili walioondoka mwaka jana hawapatikani tena kwenye simu. Halmashauri ya kijiji inapendekeza mzazi na huyu mama waandikishane mkataba ofisini kwangu, nigonge muhuri, ili likitokea la kutokea tuwe na pa kumshikia. Je, inatosha kisheria?

JIBU: Ndugu Mtendaji, usigonge. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 haiachi mwanya hapo: anayesafirishwa akiwa mtoto, yaani hajafika miaka 18, ridhaa yake, ya mzazi au ya mlezi si utetezi. Karatasi mnayoiona kinga itasomwa mahakamani kuonyesha nani alijua, na muhuri utakuwa wako. Wala sheria hii si ya wanaopelekwa Uarabuni tu. Inamgusa pia anayechukua watu kwa kisingizio cha kuwatafutia ajira humu humu nchini, kwa hiyo Singida hadi Dar inatosha kabisa.

Hata hivyo, si kila binti anayekwenda mjini kwa shangazi yake amesafirishwa kiharamu. Swali ni anapelekwa kufanya nini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu mwenye miaka 14 au zaidi kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kazi ikizidi saa sita kwa siku ni unyonyaji, na kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, imekatazwa. Sasa itazame siku ya dada wa kazi. Saa kumi na moja alfajiri ameshaamka anachemsha chai ya watoto wa wenyewe wanaowahi basi la shule, na usiku halali mpaka baba mwenye nyumba arudi, ale, vyombo vioshwe. Hakuna mkataba wa kuigeuza ratiba hiyo kuwa kazi nyepesi. Tena wahitimu wengi wa darasa la saba hata hiyo 14 bado.

Umetaja mtihani, na hapo ndipo pa kushika. Mtihani ni Septemba, kidato cha kwanza kinaanza Januari. Katikati mtoto yuko nyumbani, ghala linaelekea kuisha, na mzazi anapiga hesabu ya sare, madaftari na godoro la bweni, maana ada imefutwa lakini hivyo havijafutwa. Wakala anazijua tarehe hizi kuliko sisi. Kwa hiyo Septemba haijaisha, chukua kwa mwalimu mkuu orodha ya wahitimu wote, umpe kila mwenyekiti wa kitongoji majina yake. Matokeo yakitoka, weka alama kwa waliochaguliwa. Januari ulizia shuleni nani ameripoti. Aliyechaguliwa na hajaripoti afuatiliwe wiki hiyo hiyo, isisubiriwe Pasaka.

Barua za utambulisho nazo zibanwe. Mtoto anayekwenda kufanya kazi, usimwandikie. Anayesemekana anakwenda kusoma kwa ndugu, taka jina la mwenyeji, namba yake ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na mtaa anaoishi, kisha umpigie mtendaji wa mtaa huo kabla hujatia saini. Katika kazi hii ya ustawi wa jamii nimeona mawakala wengi wakiishia hapo hapo. Hawagombani, wanaaga tu.

Sheria ndogo ya kuwapiga faini wazazi, ambayo najua itafuata kupendekezwa, mimi siiungi mkono. Ni lazima ipite mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, na mwisho wake ni watoto kuondoka usiku. Afadhali kikao hicho kikague ni kaya zipi za wahitimu ziko kwenye ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, na zipi ziliachwa bila sababu, na kijiji kitoe kwenye mapato yake sare za watoto wawili watatu walio hatarini zaidi.

Kuhusu wale wawili: usimpigie huyo mama. Akishtuka atawahamisha, na kuwapata itakuwa kazi nyingine. Kusanya kimya kimya picha zao, kadi za kliniki au kumbukumbu za shule zinazoonyesha umri, namba walizopigia mara ya mwisho, na ujumbe wowote wa pesa zilizotumwa kwa wazazi kwa simu. Peleka Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi cha wilaya, na nakala kwa afisa ustawi wa jamii. Namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, pia ni ya bure. Wazazi wakiogopa kuandika maelezo kwa sababu walipokea nauli au kilo mbili za sukari, toa taarifa wewe mwenyewe. Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii yeyote anayejua haki za mtoto zinavunjwa aripoti, haisubiri mzazi aanze.