Usiidharau ateri ya panja: nilivyozisoma upya ateri za kichwa

Nyinyi mnaosomea utabibu, hasa wa mwaka wa kwanza ambao hizi ateri za kichwa, yaani mishipa inayopeleka damu, zinawatoa jasho, naomba mnisikize kidogo. Mi nilizikariri zote, karotidi ya ndani mbili, vetebra mbili, basila, duara la Willis pale zinapoungana chini ya ubongo, nikaandika kwa mtihani nikapata maksi nzuri. Alafu likizo nikarudi nyumbani Lamu, ami yangu akaumia mbele ya macho yangu na sikujua kinachoendelea.

Tulikuwa mashuani upande wa Shela, henza, ile kamba ya kupandishia tanga, ikakatika, foromali, ule mti unaobeba tanga, ikashuka ikampiga panja la kushoto. Akazirai kama dakika moja ivi, akaamka, akajimwagia maji ya bahari usoni akasema twendeni. Nyumbani akanywa chai ya tangawizi, akapiga stori, akasema anataka kujilaza kidogo, na mi ndo nilimletea mto. Inaniuma mpaka leo. Kama saa mbili baadaye nyanya akaja kuniita, ami anatapika na maneno yake hayaeleweki. Nikamfungua macho nikammulika na tochi ya simu, mboni ya kushoto imepanuka na haisinyai kabisa, ya kulia iko sawa, na mkono wa kulia umelegea. Hapo ndo ikanijia ateri ambayo darasani nilikuwa naipita tu: ateri ya kati ya meninji, zile tando zinazofunika ubongo.

Niliipita kwa sababu hailishi ubongo. Ni tawi la ateri ya maksila, ambayo yatoka kwa karotidi ya nje, inaingia kwenye fuvu kwa kitundu kidogo kinaitwa forameni spinosamu, alafu inapanda kati ya mfupa na dura, ule utando mgumu wa nje, na kazi yake ni kulisha huo utando na mfupa wenyewe. Sasa pale penye panja, sehemu inayoitwa pterioni, mfupa ni mwembamba sana na tawi la mbele la hiyo ateri limepita nyuma yake tu. Mfupa ukivunjika ateri inachanika, damu inaibandua dura kutoka kwa fuvu polepole, na hapo katikati mtu anaweza kuongea, kucheka, kunywa chai, kumbe ndani ubongo unasukumwa.

Tulimkimbiza kwa spidi boti mpaka uwanja wa ndege wa Manda, ikapatikana ndege, Mombasa wakamfungua fuvu wakatoa damu iliyoganda, na alhamdulillahi yuko hai.

Niliporudi chuo nikaanza upya, na hivi ndo nawashauri. Anza na kidole chako mwenyewe. Kiweke kando ya kikoromeo, unasikia karotidi inapiga, na karibu na ukingo wake wa juu ndo inagawanyika kuwa ya ndani na ya nje. Ya ndani yaenda moja kwa moja kwa ubongo, ya nje inalisha uso, ngozi ya kichwa na sehemu kubwa ya dura. Zile vetebra huwezi kuzigusa, zinapanda ndani ya vitundu vya mifupa ya shingo kuanzia wa 6 mpaka wa 1, zikishaingia fuvuni zinaungana kuwa basila.

Alafu kila ateri usiiache mpaka ujue ikiziba mtu anapoteza nini. Ya mbele ya ubongo, mguu unakufa nguvu kuliko mkono. Ya kati ya ubongo, uso na mkono, na ikiwa ni ya kushoto mara nyingi maneno pia yanapotea. Ya nyuma ya ubongo, anapoteza nusu ya anachokiona. Mi siku hizi nikikutana na mgonjwa wa kiharusi naanzia kwa mgonjwa narudi kwa mshipa.

Na chora, wallahi chora. Thomas Willis, yule daktari Mwingereza ambaye duara limepewa jina lake, alipotoa kitabu chake cha ubongo mwaka wa 1664, michoro mingi ilikuwa ya Christopher Wren, yule yule msanifu wa majengo, manake duara lile ukilisoma kwa maneno tu halikai kichwani. Mi nilichora kila alfajiri bila kuangalia kitabu, nakosea nafuta, na siku zote nilikuwa naanza na ile ndogo ya panja.

Na kama si mwanafunzi na umesoma mpaka hapa: aliyepigwa panja akazirai, hata akiamka anacheka, mpeleke hospitali kwanza. Mto baadaye.