Si ukaidi, dada: maagizo yanamponyoka

Dada, umeuliza kama mwanao wa miaka 8 mwenye Duchenne, ule ugonjwa wa kudhoofisha misuli, ameanza ukaidi, maana mwalimu analalamika hafuati maagizo na nyumbani siku hizi ni kununa tu. Wangu ana miaka 13, ugonjwa ni huohuo, tunaishi Umoja. Nami nilimwita mkaidi. Tena nilimchapa, na hadi leo nikikumbuka usingizi hupaa.

Nilikuwa namwambia: "Toa daftari mkobani, peleka chupa ya maji jikoni, halafu umpe nyanya simu." Analeta daftari, anasimama hapo ananitazama. Namba yangu ya simu aliishika baada ya karibu mwaka. Lakini muulize Gor Mahia walimfunga nani msimu uliopita, atakutajia hadi wafungaji! Basi nikaona ananichezea.

Daktari wa neva ndiye aliyenieleza. Ile protini inayokosekana kwenye misuli, distrofini, ina kazi kwenye ubongo pia. Ndiyo maana watoto wengi wa Duchenne, si wote, hushindwa kushika maneno mengi yakisemwa kwa mkupuo. Kuelewa anaelewa, ila maneno yanamponyoka kabla hajayatumia. Kusoma na imla vinaweza kumsumbua vilevile. Afadhali moja: hili halizidi kadiri misuli inavyodhoofika.

Mwombe mwalimu ampe agizo moja moja, na lile refu amwandikie. Wetu wa gredi ya tatu alikataa, eti ana watoto zaidi ya hamsini (simlaumu sana). Wa gredi ya nne alimkalisha mbele na kumpa jirani wa kumkumbusha, yakaisha. Shule ikibisha, mpeleke kituo cha EARC kilicho karibu, kile cha serikali cha kupima mahitaji ya mtoto kimasomo, akapimwe. Karatasi yenye muhuri huheshimiwa kuliko baba mwenye kelele.

Kuhusu kununa: kama anameza prednisolone, ile steroidi ya kuchelewesha misuli kudhoofika, dawa hiyo huweza kumbadilisha mtoto, akawa na hasira na njaa isiyoisha. Andika siku na saa, umwonyeshe daktari. Usiikatize ghafla kwa uamuzi wako, ni hatari.

Ila kwa wetu haikuwa dawa peke yake. Mimi na mama yake tulikuwa tukinong'ona Kikamba kuhusu ugonjwa wake tukidhani hasikii. Jioni moja nimembeba mgongoni kwenye ngazi za ploti, ghorofa ya pili, akaniuliza sikioni: "Baba, nikiwa mzito nani atanibeba?" Nilikaa palepale ngazini. Nikamtajia jina la ugonjwa, nikamwambia miguu itazidi kuchoka, na kwamba tutahamia nyumba ya chini. Akauliza kama huko chini televisheni itashika vizuri.

Tulihama mwezi wa pili uliofuata. Hasira bado zipo, hasa nikizima mpira, lakini kule kununa siku nzima kumepungua sana.

Wako mmemwambia nini mpaka sasa?