Fundi asimame kwenye baketi ya trekta aezeke banda? Mie nasema hapana

Ndugu yangu, umeuliza kama fundi aweza kuinuliwa na baketi ya trekta la jirani abadilishe mabati ya banda lako la ng'ombe huko Mwakirunge, kwa vile skafoldi, lile jukwaa la kusimamia fundi, waona ghali. Mie kazi yangu ni kuezeka, mabanda na magodauni huku Pwani miaka mingi, na nakuomba sana usimpandishe mtu. Trekta libebe mabati na mbao basi.

Hebu angalia ile mikono ya mbele yashikiliwa na nini. Ni mafuta tu ndani ya paipu za mpira. Paipu ikipasuka, na loda (hiyo mikono na baketi yake) nyingi za shambani hazina valvu ya kuzuia mafuta yasitoke, baketi haishuki polepole, yaja yote kwa mara moja. Na hapa kwetu jua na chumvi ya bahari zala kila kitu, mpira wakauka wafanya nyufa, viungio vyashika kutu, ukitazama kwa mbali waona trekta zima kumbe lishachoka. Niliona kwenye shamba moja upande wa Kisauni, baketi imefika juu na mabati, paipu ikafyatuka, mzigo wote ukaja chini. Chini hapakuwa na mtu kwa sababu tulikuwa tumeshapiga marufuku kupita pale. Angekuwamo fundi wallahi tungezika.

Alafu baketi yenyewe haikai sawa ikipanda. Loda ya kawaida mikono ikiinuka baketi yainamia nyuma kwa dereva, sasa dereva airudisha kidogokidogo na leva, na kiwiko kikigusa ile leva vibaya baketi yamwaga, manake kumwaga ndio kazi iliyoundiwa. Na eksele ya mbele ya trekta hubembea ili magurudumu yafuate mabonde ya shamba, kwa hio uzito ukiwa juu na gurudumu moja likazama kwenye shimo la zamani la samadi trekta lalala ubavu. Hata la kubebea mabati tu funga uzito nyuma na ulitembeze baketi ikiwa chini, uinue ukishafika.

Kuna watakaokwambia chomelea kapu la vyuma. Kapu lamzuia mtu asichomoke pembeni tu, paipu ikipasuka halisaidii kitu. Yale magari ya kapu ya watu wa stima ni kitu kingine kabisa, yana valvu za kufunga mafuta na leva ziko juu kwa aliye ndani.

Kodi skafoldi. Weka mbao chini ya miguu yake isizame mchangani, ifunge kwenye nguzo za banda, weka reli ya kushika pande zote. Ngazi iwe ya kupandia tu, kwa kila mita 4 za kwenda juu mguu utoke ukutani mita 1, kichwa kipite ukingo wa paa kama mita 1 hivi na kifungwe kwa kamba.

Sasa hanesi, ile mikanda ya kumfunga fundi asianguke, hapa wengi hukosea. Banda lako ukingo wasema uko mita 4 juu, ile kamba ya mita 2 yenye kifyonza mshtuko ikishanyooka na kifyonza kikafunguka, ongeza na urefu wa mtu, fundi ashafika sakafuni. Kamba iwe fupi na ifungwe juu yake, kwenye boriti nzima, si kwenye fito. Na awepo mtu wa kumshusha haraka akining'inia, kuning'inia muda kwenye hanesi kwaua pia.

Juu akanyage kwenye mistari ya misumari, ndipo penye mbao chini, tena alaze ubao. Zile karatasi za plastiki za kupitisha mwanga asizikanyage kabisa, zikipigwa jua miaka hazimbebi hata mtoto.

Kusi likivuma bati ni tanga, lamchukua mtu mzima mzima. Anzeni alfajiri, upepo ukishika kasi mchana shukeni, kazi italala mpaka kesho. Na sheria ya Kenya ya usalama kazini ya 2007 yakudai wewe mwenye kazi, si dereva wa jirani peke yake.

Nitumie urefu wa banda na lango latazama upande gani nikupigie hesabu ya skafoldi, huenda upande mmoja ukatosha ukawa waihamisha.