Mlezi mpya wa timu ya roboti, chunga uso wako

Ukikabidhiwa timu ya wanafunzi kwa mara ya kwanza, utahangaika na mota na programu, lakini kitakachokusumbua zaidi ni mikono yako mwenyewe. Utaona skrubu imekazwa upande na bisibisi iko karibu. Iache. Msimu wangu wa kwanza nilishindwa kujizuia, nikaufunga mkono wa roboti mwenyewe usiku. Jaji alipouliza kwa nini tumetumia gia badala ya mnyororo, wanafunzi wote wakanigeukia mimi.

Hilo niliacha upesi. La pili lilinichukua muda.

Zilibaki kama dakika kumi tuingie uwanjani. Msichana wa timu pinzani akaja mezani kwetu anahema: betri yao imekufa. Nahodha wetu hakuniuliza. Akachomoa ya akiba kwenye chaja, akampa, akamwonyesha na waya unaopenda kulegea. Sikusema neno, ila nilikunja uso, naye akaniona. Tukafungwa. Jioni akaja kuniomba radhi. Radhi ya nini? Mpaka leo naona aibu.

Waliobuni michezo hii waliona mapema kwamba kumsaidia mpinzani si kosa. Katika mashindano ya roboti ya FIRST, shirika lililoanzishwa na Dean Kamen mwaka 1989, timu za sekondari hucheza kwa miungano, na mpinzani wa asubuhi anaweza kupangwa upande wako mchana. Kwenye hatua ya mtoano, timu zinazoongoza huchagua wenza. Hata tuzo yao kubwa kuliko zote haiendi kwa roboti iliyofunga pointi nyingi.

Hapo sasa kuna mtego. Mlezi mjanja atasema, "Wasaidieni, huenda wakatuchagua." Usiwaambie hivyo, watakuwa wakarimu kwa timu kali tu, na zile dhaifu watazipita kama hawajaziona.

Kubalianeni kabla ya mashindano ni vifaa gani mnaazimisha, mviweke kwenye sanduku lake: fyuzi, waya, tai za plastiki. Mkifungwa, usimjadili mwamuzi mbele yao. Kukiwa na malalamiko, aende mwanafunzi, kwa adabu, wewe ubaki nyuma.

Ile betri ilirudi haina chaji, bila asante. Msimu uliofuata akaja mwingine kuomba fyuzi, na nahodha yule yule akaniangalia usoni kwanza. Nilikuwa nimeshafungua sanduku.