Jibu langu kwa ami kuhusu mkopo wa tuktuk

Shikamoo ami. Sauti yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili. Wasema kuna tuktuk inauzwa Likoni, nami niko Marekani mwaka wa tatu, basi niombe mkopo benki tano sita kwa mpigo, moja haitakosa kukubali. Nakujibu waziwazi, usije ukadhani nakwepa.

Huku kila mkopaji ana faili. Linawekwa na kampuni tatu, Equifax, Experian na TransUnion, huyu wa mwisho hata Kenya yupo, ni mmoja wa wale watunza rekodi za mikopo mnaowaita CRB. Humo ndimo zinamotoka alama zako za kuaminika kwa mkopo, tangu 300 hadi 850. Huko nyumbani mtu aogopa CRB akishindwa kulipa. Huku hata kuomba tu, hujapewa senti, kunaandikwa. Ombi moja kwa wengi halikati hata alama tano. Lakini mwenye faili changa kama langu huumia zaidi, na sita kwa wiki moja zamfanya mkopeshaji aseme huyu ana dhiki. Andiko lenyewe lakaa miaka 2, ingawa alama za FICO, zitumiwazo na benki nyingi, huhesabu ya miezi 12 tu.

Nayajua haya kwa sababu yamenifika. Nilipokuwa mgeni, kila duka la nguo keshia aniuliza, wataka kadi yetu upunguziwe bei? Nami kwa tamaa ya suruali, naona haya hata kusema, nikajaza fomu maduka manne. Moja likanipa kadi, matatu yakanikatalia, na yote manne yakaandikwa. Kukataliwa hakufuti kitu! Nilipokwenda kutafuta gari, riba niliyotajiwa mama akiisikia hatakula chakula changu tena.

Gari ndilo lina nafuu kidogo. Muuzaji alipeleka fomu yangu kwa wakopeshaji wanane bila kuniuliza, nikadhani nimekwisha. Kumbe maombi ya gari au ya nyumba yakipatana ndani ya siku 14 huhesabiwa moja, na katika FICO mpya ni siku 45, kwani wajua mtu hanunui magari manane. Ila mkopo wa pesa mkononi, ndio huo utakao wewe, hauna huruma hiyo. Katika FICO kila ombi lasimama peke yake.

Na yule binamu aliyenionya nisizifungue alama zangu kuzitazama zitashuka, mwambie hapana. Mwenye faili kujitazama hakumpunguzii hata moja. Mimi hutazama kila mwezi.

Kwa hivyo benki sita, la. Mwenye tuktuk muulize kama atapokea arubuni, kisha tumlipe kidogo kidogo hadi mwezi wa sita. Akikubali, ya kwanza naituma Ijumaa kwa M-Pesa, baada ya mshahara kuingia.