Filamu za Ufilipino: mmeuliza, tunajibu

Tamthilia za Kifilipino nimezimaliza. Na filamu zao ni mapenzi na visa vya mama mkwe tu? (Msomaji, Tanga)

Mapenzi yamo, na ndiyo yanayouza. Hello, Love, Again ya mwaka 2024 ndiyo filamu ya kwanza ya nchi hiyo kuvuka mauzo ya peso bilioni 1. Lakini tazama mapenzi yenyewe yanavyobanwa na riziki. Katika sehemu ya kwanza, Hello, Love, Goodbye (2019), Joy ni mfanyakazi wa ndani Hong Kong anayepania kwenda Canada, na mpenzi wake Ethan anataka abaki. Mwenye dada anayefanya kazi za ndani Oman hahitaji kuelezwa zaidi.

Ni kweli Krismasi filamu za Marekani huondolewa kwenye majumba ya sinema? (Msomaji, Mombasa)

Kweli. Tamasha la filamu la Metro Manila, lililoanza 1975, hufunguliwa 25 Desemba, na kwa wiki mbili hivi kumbi huonyesha filamu za nyumbani. Usidhani basi zote ni kazi nzito. Familia zimetoka kula sikukuu, zinataka kucheka na kutishwa na mizimu. Mwaka 2016 wachaguzi walithubutu kupitisha filamu za watayarishaji wadogo, wakongwe wa vichekesho wakaachwa nje. Mapato yakaporomoka, na mwaka uliofuata wakongwe wakarudi. Mimi ningewapa wale wadogo miaka mitatu, ila mwenye ukumbi naye ana bili.

Nianze na ipi ya zamani? (Msomaji, Nairobi)

Maynila sa mga Kuko ng Liwanag (1975) ya Lino Brocka, bila kusita. Julio, kijana mvuvi, anakuja Manila kumtafuta mpenzi wake Ligaya, aliyechukuliwa kijijini kwa ahadi ya kazi na masomo. Anaishia kwenye kibarua cha ujenzi, akisainishwa ujira mkubwa kuliko anaotiwa mkononi. Tafuta nakala iliyosafishwa mwaka 2013.

Ukiimaliza, nenda Insiang (1976), ya Brocka huyohuyo, iliyopigwa kwenye vibanda vya Tondo, mtaa wa maskini wa Manila, wakati Imelda Marcos, mke wa Rais Ferdinand Marcos, akitaka jiji lionekane safi. Mwaka 1978 ikawa filamu ya kwanza ya Kifilipino kuonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa.

Halafu Himala (1982) ya Ishmael Bernal. Fedha zilitoka kwenye taasisi ya serikali ya Marcos, ikiongozwa na binti yake Imee, na bado imetoka filamu inayohoji umati unaomfuata mtu kwa upofu! Nora Aunor, aliyefariki Aprili 2025, ni Elsa, msichana anayedai kutokewa na Bikira Maria katika kijiji kilichokaushwa na ukame. Wagonjwa wanamiminika, na wafanyabiashara nyuma yao. Aunor hapayuki, macho yake yanatosha.

Dalagang Bukid naipata wapi? (Msomaji, Bujumbura)

Hupati. Filamu hiyo ya José Nepomuceno ya 1919, inayohesabiwa kuwa mwanzo wa sinema yao, imepotea. Ilikuwa bubu, na mwigizaji wake Atang de la Rama aliimba mwenyewe ukumbini inapoonyeshwa.

Eti kuna filamu ya saa nane? (Msomaji, Zanzibar)

Ipo: Hele sa Hiwagang Hapis ya Lav Diaz, iliyopata tuzo Berlin mwaka 2016. Usianze nayo. Mwaka huohuo alishinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, kwa Ang Babaeng Humayo, kisa cha mwanamke anayetoka jela baada ya miaka 30 kwa kosa ambalo hakulitenda. Hiyo haifiki saa nne, na kwa Diaz hiyo ni fupi.